Mjomba Anaongea Lakini Haonekani

Wiki mbili zilizopita nusura nihame mji. Usidhani nadaiwa kodi ya nyumba au nimefumaniwa. Wee acha tu! Kisa chenyewe ni video ya dakika sita.

Basi bwana, iko hivi. Binamu yangu, ambaye mimi namwita dada kwa kuwa kanizidi miaka na amenibeba sana mgongoni, alikuwa na sendofu yake Jumamosi, ukumbi uko Sinza. Baba yake, yaani mjomba wangu, yuko Muscat kule Oman anatafuta riziki, mwaka wa saba sasa. Aliomba ruhusa kazini aje amuage mwanawe, ikagonga mwamba. Ndugu wakakaa kikao, ikapitishwa kwamba mjomba ajirekodi kwa simu, atoe nasaha zake, halafu mimi niichukue hiyo video, nikate panapotakiwa kukatwa, nichomeke na picha za dada akiwa mdogo, ichezwe ukumbini kwa projekta kabla ya keki.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ndiye "mtaalamu wa kompyuta" wa ukoo. Utaalamu wenyewe ni kidato cha nne na kushinda kijiweni kwa washikaji wenye kompyuta, lakini wewe unawajua ndugu zetu. Ukishaweza kufungua simu ya shangazi iliyojifunga, basi umeshakuwa injinia. Nikakubali kwa mbwembwe, na nauli ya vocha nikapewa.

Alhamisi jioni video ikaingia. Mjomba ni mtu makini, hakuituma WhatsApp kama watu wanavyotuma vichekesho. Aliituma kama dokyumenti ili isipunguzwe ubora. Nikaifungua kwenye VLC: mjomba huyu hapa, kanzu nyeupe, kofia ya vito, amekaa kwenye kiti, ukuta nyuma yake, sauti imenyooka. Ilipofika dakika ya pili akamwita binti yake kwa lile jina la utotoni ambalo siku hizi hakuna anayelitumia, kisha akanyamaza kidogo. Nikasema moyoni, hii ikichezwa ukumbini leso hazitatosha.

Nikafungua programu yangu ya kuhariri, nikaiburuta video ndani, nikabonyeza icheze. Sauti ikaja safi kabisa. Picha hakuna! Weusi tupu, kama umeme umekatika ndani ya faili. Mjomba anaongea lakini haonekani, yaani imekuwa taarifa ya habari ya redio.

Kijasho chembamba kikaanza kunitoka.

UJUAJI WA MTOTO WA MJINI

Sasa nikuambie ujinga wangu hatua kwa hatua, maana najua hata wewe umewahi kuufanya.

Ujinga wa kwanza. Niliona faili limeandikwa mwishoni ".MOV". Nikakumbuka mafaili yangu mengine yanayokubali yameandikwa ".mp4". Nikafuta ile MOV, nikaandika mp4, nikajipongeza na kujipigapiga kifua. Nikaingiza tena. Weusi ule ule, mjomba yule yule wa redio.

Ujinga wa pili. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Vipi, imefika?"

"Imefika, ila naomba uitume tena kawaida tu, siyo kama dokyumenti."

"Lakini si wewe uliyesema kawaida inaharibu?"

Nikakosa jibu, nikasingizia mtandao. Akatuma. Hii ikakubali kuingia na picha ikaonekana, lakini picha gani hiyo! WhatsApp ilikuwa imeikandamiza mpaka basi. Kwenye kioo cha simu ungeivumilia, lakini nilipoipanua ijae kioo cha kompyuta, uso wa mjomba ukawa vimiraba vimiraba kama sakafu ya marumaru. Na hiyo ndiyo iende kwenye ukuta wa ukumbi?

Ujinga wa tatu ndio nusura unitoe hela. Fundi mmoja mjini alilitazama faili kwa sekunde kumi, akatikisa kichwa kama daktari, akasema limeungua, kulirudisha ni elfu hamsini. Mfukoni nilikuwa na elfu saba. Umaskini wakati mwingine ni kinga.

Ijumaa asubuhi nikaenda Karume kwa mshikaji wangu mmoja. Mchana huyu anauza mitumba, usiku anahariri video za harusi. Nikamweleza kilio changu huku anafungua belo la mashati. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu," akaniambia, "faili lako halijaungua wala halijafa. Wewe umebadilisha rangi ya kontena ukategemea mzigo wa ndani ubadilike."

KONTENA NA BELO

Msomaji, hapa ndipo nilipopata darasa ambalo ningelipata mapema, nisingekonda siku moja.

Fikiria bandari ya Dar. Kontena limekaa pale, chuma, limeandikwa namba ubavuni. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua ndani mna mitumba, vigae au friji. Kazi ya kontena ni kubeba na kupanga. Sasa MOV, MP4, AVI na MKV ni makontena. Ndani yake mna picha kwenye fungu lake, sauti kwenye fungu lake, pengine na maandishi ya tafsiri, halafu kuna orodha inayosema picha ipi ichezwe sekunde gani na sauti ipi iende nayo.

Makontena haya yana umri wake. MOV ni la Apple, lilikuja na QuickTime mwaka 1991. Mwaka uliofuata Microsoft wakaleta AVI. MP4 lilijengwa kwa kufuata muundo wa lile la Apple, ndiyo maana MOV na MP4 ni kama mtu na mdogo wake. MKV lilianza mwaka 2002, jina lake kamili Matroska, limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Jina limekaa mahali pake kabisa.

Haya, mzigo wenyewe je? Mshikaji akaligonga belo lake. "Haya mashati yangewekwa bila kukandamizwa, kontena lingejaa upesi. Kule yalikotoka yamebanwa na mashine, yakafungwa waya. Mimi hapa nakata waya, yanafumuka." Kubana na kufumua, hiyo ndiyo kazi ya kodeki. Kamera inabana wakati wa kurekodi, kompyuta inafumua wakati wa kucheza. Kompyuta isipokuwa na mkasi wa kukata waya wa aina hiyo, belo litakaa hapo hapo na mashati utayasikia kwenye hadithi.

Ukitaka kujua kwa nini lazima kubana, piga hesabu na mimi. Picha moja ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikipewa baiti 3 za rangi, picha moja ni kama megabaiti 6. Simu inapiga picha 30 kila sekunde. Dakika moja peke yake inapita gigabaiti 11, na nasaha za mjomba za dakika sita zingefika gigabaiti 67! Simu gani itabeba, na bando la nani? Faili la mjomba lilikuwa na megabaiti kama 360 tu.

Ujanja uko hivi. Mjomba amekaa kwenye kiti, ukuta haujongei, kiti hakijongei, kinachojongea ni mdomo na mkono. Kodeki inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata inaandika zaidi kile kilichobadilika. Ukuta ule ule hauna haja ya kuandikwa mara 30 kwa sekunde.

Kodeki nazo ziko nyingi. H.264, ambayo wengine huiita AVC, ilitoka mwaka 2003, na mpaka leo ndiyo inayofunguka karibu kila mahali. H.265, au HEVC, ikaja mwaka 2013, yenyewe inabana zaidi, ubora ule ule kwa karibu nusu ya ukubwa. AV1 ilitoka mwaka 2018 na inazidi kusambaa mtandaoni. Simu za iPhone, kuanzia iPhone 7 zilipopata iOS 11 mwaka 2017, zinaweza kurekodi kwa HEVC, na simu nyingi za Android nazo zina uwezo huo.

Umeshaanza kuuona mchawi wangu? Mshikaji aliniwekea programu ndogo ya bure inaitwa MediaInfo. Ukiipa faili inakusomea kilichomo. Kontena: QuickTime. Sauti: AAC. Picha: HEVC. Programu yangu ya kuhariri, toleo la zamani kwenye laptopu ya zamani, ilikuwa na mkasi wa AAC, ndiyo maana nilisikia sauti. Mkasi wa HEVC haikuwa nao, ndiyo maana picha ikawa giza. Kubadilisha jina MOV kuwa mp4 ilikuwa sawa na kufuta namba ubavuni mwa kontena na kuandika nyingine.

"SASA MBONA KWENYE VLC INACHEZA?"

Hilo swali nililiuliza kwa hasira, na najua na wewe umeliuliza.

Jibu ni kwamba VLC inatembea na mikasi yake yenyewe, ya kila aina, haitegemei ya kompyuta. Programu nyingine hutegemea mikasi iliyomo kwenye Windows, na HEVC ina hatimiliki zinazolipiwa, kwa hiyo si kila kompyuta inakuja nayo. Microsoft wenyewe wamekuwa wakiuza kiongezo cha HEVC kwenye duka lao la programu.

Halafu kazi zenyewe si moja. VLC inacheza kutoka mwanzo kwenda mwisho. Wewe mhariri unaruka huku na huko, unarudi nyuma, unasimama kwenye picha moja unataka kukata hapo hapo. Sasa kumbuka picha nyingi kwenye faili siyo kamili, zimeandika mabadiliko tu. Ili ikuonyeshe picha ya katikati, kompyuta inabidi irudi kwenye picha kamili iliyo karibu, ijenge kuanzia pale. Ndiyo maana hata faili likikubali, kompyuta dhaifu inakwama na feni inalia kama mashine ya kusaga. Mastudio makubwa hugeuza video zao kwanza kuwa kodeki kama ProRes ya Apple, iliyotoka mwaka 2007, ambayo kila picha inajitegemea. Mafaili yanakuwa manene kupindukia, lakini kukata ni kama kisu kwenye siagi.

Mimi sikuwa na diski ya kubeba manene hayo. Mshikaji akaniambia nitumie HandBrake, nayo ya bure, nifumue lile belo la HEVC nilifunge upya kwa H.264 ndani ya MP4. Akanipa na onyo moja la kiutu uzima: "Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Kukiwa na giza inapunguza, kukiwa na mwanga inaongeza. Programu nyingi za kuhariri zinavurugwa na hilo, mwishoni mdomo unaenda huku sauti inaenda kule. Ukifika kwenye kasi ya fremu chagua 'Constant Framerate', umenisikia?"

Nilimsikia.

KIMBEMBE CHA IJUMAA USIKU

Nikarudi geto, saa mbili usiku nikaiweka kazini. Laptopu yangu ni mzee, betri yake inashika dakika kumi na dua. Ikatembea asilimia ishirini, arobaini, sitini. Umeme ukakatika!

Betri ikavuta asilimia nane zaidi, ikazima. Umeme uliporudi nikalifungua lile faili nusu nikidhani nitapata japo dakika nne. Likagoma kabisa. Kumbe ile orodha ya ndani ya MP4 mara nyingi huandikwa mwishoni, kazi ikishakamilika. Bila orodha, kontena limejaa lakini hakuna anayejua kipi kiko wapi. Ndiyo yanayowakuta pia wapiga video wanaochomoa betri ya kamera kabla haijamaliza kuandika. Bahati nzuri faili la mjomba mwenyewe sikuwa nimeligusa zaidi ya jina.

Nikaianza upya saa tano usiku, safari hii kwa kinyozi wa jirani mwenye jenereta, ambaye nilimwahidi pilau la sendofu. Ilichukua dakika arobaini. Nikaiingiza kwenye programu, nikabonyeza icheze nikiwa nimefumba jicho moja.

Mjomba huyo! Kanzu, kofia, kiti, ukuta. Nikaikimbiza mpaka dakika ya sita, mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Nilihariri mpaka alfajiri. Lile jina la utotoni sikuligusa, na kile kimya baada yake nikakiacha kama kilivyo. Programu ilinipa kila kifaa cha kukikata, lakini roho ilikataa.

Jumamosi saa tatu usiku taa za ukumbi zikapunguzwa. Dada hakuwa ameambiwa kitu. Baba yake alipotokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, akashika mdomo. Lilipotajwa lile jina, shangazi mmoja akapiga kigelegele kikakatikia njiani, kikageuka kilio. Mjomba mwenyewe alikuwa hewani kwenye simu ya mama, anatutazama tukimtazama. Hakuna aliyeniuliza habari za kodeki, na sikuwa na haja ya kuulizwa. Kinyozi alikula sahani mbili.

YA KUONDOKA NAYO

Sasa wewe mwenzangu, kabla hujapoteza usiku wako, shika haya:

Kwanza, usidanganywe na herufi za mwisho wa jina la faili, hilo ni kontena tu. Mafaili mawili ya MP4 yanaweza kubeba kodeki tofauti, moja likakubali na jingine likakataa. Soma cha ndani kwa MediaInfo.

Pili, sauti ikija bila picha, au picha bila sauti, usimlipe mtu elfu hamsini. Mara nyingi faili ni zima, kilichokosekana ni mkasi wa fungu moja.

Tatu, pima tatizo lako. Kama kodeki inakubalika ila kontena ndilo linalokataliwa, hamisha mzigo tu bila kuufumua. Wale mnaorekodi kioo cha kompyuta kwa OBS mnaweza kupata MKV yenye H.264 ndani, na OBS yenyewe ina sehemu ya "Remux Recordings" ya kuhamishia kwenye MP4. Ni muda mfupi na ubora haupungui hata chembe. Kama kodeki ndiyo inayokataliwa, hapo utafumua na kufunga upya. Kila ukifunga upya ubora unapungua kidogo, kwa hiyo fanya mara moja, kutoka kwenye faili la asili, na la asili usilifute mpaka kazi ikabidhiwe.

Nne, mwambie mpigaji kabla hajapiga. Kwenye iPhone aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague "Most Compatible". Video zijazo zitarekodiwa kwa H.264. Mafaili yatanenepa, dakika ya HD kutoka kama megabaiti 60 kwenda 130, lakini utalala usingizi. Na akutumie kama dokyumenti. WhatsApp iliruhusu mafaili mpaka gigabaiti 2 tangu mwaka 2022.

Tano, na hii ni yangu mwenyewe: usiahidi ukoo kitu kabla hujaliona faili.

Dada sasa yuko kwake, na mjomba kanipigia juzi.

"Mjomba, mambo yako makubwa. Arobaini ya mtoto wa dada yako mkubwa inakuja, nitajirekodi tena."

Nikamwambia sawa mjomba, lakini kwanza fungua Settings.

Tukijaliwa tukutane wiki ijayo, hapa hapa. Kwa leo naishia hapo, nakwenda kunyoa bure.